Zabibu za Mzee Rashid

Watiri wa Giakanja hakuja mtaa wa Majengo, Nyeri, kutafuta matunda. Alikuja kuchukua sare tatu za shule za wajukuu wake, saa kumi alasiri, siku ile ya Julai ambayo ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati tangu asubuhi na mnara wa msikiti hauonekani. Lakini aliposimama mlangoni mwa Mzee Rashid, fundi cherehani, alinusa mara moja, akanusa tena, kisha akatabasamu tabasamu la mtu aliyemfuma mwenzake akila kwa kujificha.

"Kumbe mko na pasheni," alisema. "Na zimeiva, ata nazisikia kutoka kwa barabara. Si munionjeshe moja tu."

"Hatuna pasheni, mama," alijibu Subira. Yeye alikuwa binti wa fundi, mwanamke wa miaka thelathini na sita, na wakati ule alikuwa akizikunja hizo sare.

"Sawa. Wekeni. Mimi sikukuja kuomba."

Watiri alizichukua sare zake, akaziinua puani, akazinusa nazo, akakunja uso kidogo. Chai aliyomiminiwa aliiacha mezani ikifuka moshi. Alitoka bila kugeuka.

Mtu wa Majengo mwite maskini, atacheka. Mwite mchafu, mtatukanana na yataisha papo hapo. Ila kumwita mchoyo wa chakula, na mgeni ndiye anayekuita hivyo, hilo halimezeki. Na haki ya Mungu, humo ndani hamkuwa na tunda. Mlikuwa na nusu kitunguu, sukuma wiki na unga wa chapati, basi. Subira alikwisha kuitafuta harufu ile chini ya vitanda, nyuma ya kabati, ndani ya gunia la vitambaa, hata ndani ya viatu. Wiki tatu nzima alikuwa akiitafuta.

Ilikuwa ikija kila siku baada ya sala ya Alasiri, tamu, nzito, ikikaa chumbani mpaka watu waende kulala. Na ajabu yake, kila mtu aliisikia kivyake. Watiri alisikia pasheni. Harun, kaka yake Subira, alisikia zabibu zilizokaa siku nyingi. Mke wa jirani alisema ni asumini iliyoanza kunyauka. Subira hakumwambia mtu yeye alisikia nini. Mzee Rashid peke yake ndiye hakuuliza ni harufu ya nini, kwa sababu aliamini anaijua.

"Mama yenu ameingia," alikuwa akisema, huku akikivuta kiti cha pili karibu na cherehani. "Mpisheni akae."

Bi Ummi, mama yao, alikuwa amezikwa miaka minne iliyopita.

Mguu wa kulia wa Mzee Rashid ulikuwa na kidonda chini ya dole gumba. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari hukanyaga sindano asijue, na sakafu ya fundi wa nguo haikosi sindano. Aliyeiona alikuwa Subira, siku ya tatu, ikiwa imezama hadi tundu la uzi. Mguu huo ndio uliokanyaga pedeli ya cherehani miaka arubaini na mmoja, ndio uliolipa kodi ya chumba na karo ya Harun na mahari aliyoyarudisha Subira ndoa yake ilipovunjika. Kliniki walimpa vidonge, vikaisha, wakampa vingine. Kila siku baada ya Alasiri Subira aliweka beseni, akafungua bendeji, akakiosha kidonda kwa dawa ya kahawia aliyokuwa akiichanganya mwenyewe katika chupa kubwa ya plastiki, akakifunga upya. Hakukosa hata siku moja. Mzee alimwambia ana mikono laini, mikono ya mama yake.

Mlango wa nne katika ploti ileile aliishi Mutanu, msichana wa Ukambani aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali moja pale Nyeri. Alikuwa mpole, mtu wa salamu fupi, asiyejua kukataa chakula. Ijumaa Subira alimwita aje achukue sahani ya pilau kama alivyozoea. Mutanu alifika mlangoni anacheka, akavuta pumzi, na kicheko kikamkauka mdomoni.

"Dada Subira, ni nani mgonjwa hapa?"

"Si ni Baba. Mguu. Kwani hujui?"

"Nilijua mguu. Hii sikujua." Alikuwa amerudi nyuma hatua moja na hakuonekana kujua kwamba amerudi. "Hiyo harufu naijua. Huwa naifungulia asubuhi kazini."

"Unafungulia nini?"

"Visahani. Tunapandanga usaha ya wagonjwa kwa visahani, tunafunika, tunaacha kwa joto. Asubuhi ukifunua moja inukie hivi, tamu hivi, huna haja ya kuuliza nani amekuja."

Mutanu aliomba kuuona mguu. Mzee akauficha chini ya cherehani kama mtoto anayeficha mkono wenye sukari, lakini bendeji ya jana ilikuwa bado kwenye beseni, na Mutanu aliinama akaitazama bila kuigusa. Ilikuwa na rangi ya kijani inayometameta, rangi ambayo Subira alidhani imetoka kwenye dawa.

"Mpeleke hospitali leo," Mutanu alisema. "Usingoje Jumatatu."

Kisha akaenda zake, na sahani ya pilau ikabaki mkononi mwa Subira. Miaka miwili msichana yule hajapata kuikataa. Majirani wawili waliokuwa wakianika nguo waliona, na Subira akaona kwamba wameona.

"Ana pua mbaya yule mgeni," Mzee alisema. "Anataka kunifukuzia mke."

"Anasema ni wadudu, Baba."

"Wadudu hawanukii. Umeona wapi uozo wenye manukato?"

Harun, aliyekuwa ameketi kitandani na simu yake, aliitikia kwa kichwa kumwunga mkono babake, ila kwa sababu zake. Alisema wanaopenda manukato wanajulikana, ni majini, wala si marehemu wala si wadudu, na dawa yao ni kisomo. Angemleta ustadhi Jumatatu. Basi nyumba moja ikawa na maelezo matatu ya harufu moja, na mguu mmoja ukiendelea kuvimba. Subira alishika la kati: alisema tungoje tuone. Hilo aliliwazia sana baadaye.

Jumapili asubuhi kitanda cha Mzee kilikuwa kikigonga ukuta kwa kutetemeka. Uso ulikuwa wa majivu, midomo imekauka, na alikuwa akizungumza vizuri tu, kwa adabu, na mtu aliyekuwa upande wa ukutani.

"Sogea kidogo, Ummi," alisema. "Unanibana."

Upande ule haukuwa na nafasi hata ya mto. Subira alitazama, hakuona kitu, akafumba macho. Halafu akamwita Harun wambebe.

Wodini watu walikuwa wawili wawili kitandani na baridi ilipenya madirishani. Kabla hawajamaliza kumlaza Mzee, mwanamke aliyemuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili aliuliza kwa sauti, ni nani aliyekuja na maembe na hataki kugawa. Watu wakacheka. Kisha muuguzi akafungua bendeji, na hakuna aliyecheka tena. Mwanamke yule alimvutia mgonjwa wake shuka hadi puani. Baada ya kitambo aliomba wahamishwe.

Daktari Kinyua alikuwa kijana mwenye macho ya mtu aliyelala kitini. Aliwatoa Subira na Harun hadi koridoni.

"Imeingia kwa damu," alisema. "Na dawa amekuwa akimeza haishiki. Niko na zingine kama kumi hivi naweza kujaribu. Labda moja itashika, labda hakuna. Siwezi kumwonjesha moja moja. Hana hizo siku."

"Maabara hawawezi kukwambia ni ipi?" Subira aliuliza.

"Wanaweza. Lakini wale wadudu lazima wamee kwanza, halafu wapimwe na kila dawa. Hiyo ni siku tatu. Joto isiposhuka kufikia kesho asubuhi, mimi nitakata." Alipitisha kiganja juu ya goti la suruali yake mwenyewe, polepole, kama anayepima kitambaa. "Hapa."

Subira aliuona ule mguu ukiwa juu ya pedeli. Aliuona haupo. Machozi yalimjia na hakuyafuta, akauliza tena kama hakuna njia nyingine, akauliza mara ya tatu, mpaka daktari akaona haya akatazama saa yake.

Aliyeleta njia nyingine alikuwa Mutanu. Alitokea mwisho wa koridoni katika koti jeupe, ingawa Jumapili ile haikuwa zamu yake. Mlinzi wa ploti ndiye aliyempa habari. Alizungumza na daktari pembeni, kisha akaja kwao.

"Kuna mashine," alisema. "Ililetwa miezi miwili iliyopita, iko kwa majaribio. Hiyo haingoji wamee. Inawaweka wadudu ndani ya kila dawa na kuwatazama mmoja mmoja, kama wananona ama wanakufa. Masaa manne, tano hivi. Jioni daktari anaweza kujua achome nini. Lakini lazima mtu wa familia asaini, juu ni utafiti."

"Majaribio," Harun alisema. "Baba yangu si panya."

"Si yeye anajaribiwa, kaka. Ni mashine."

"Na ikikosea?"

"Ikikosea tuko pale pale tulipo." Mutanu hakupandisha sauti. "Isipofanya kazi daktari anakata kesho. Ikifanya, pengine hatakata. Mimi sijui zaidi ya hapo."

Harun alisema kwanza kisomo. Alisema anakwenda kuswali Adhuhuri na atarudi na ustadhi, na pasiwe na mtu wa kutia mkono mahali popote kabla hajarudi. Alikuwa na hofu, si ubaya. Harun alipokuwa mdogo alikuwa akijificha nyuma ya babake radi ikipiga, na sasa babake ndiye alikuwa radi yenyewe. Akaondoka kwa haraka, na kiatu kimoja hakijafungwa.

Muuguzi alikuja na karatasi. "Kijana wenu ako wapi asaini?" aliuliza.

"Mimi ni mtoto wake pia."

"Kwa kawaida nyinyi Waislamu si huwa ni mwanamume?"

"Lete hiyo karatasi, sista."

Mzee alifumbua macho. Yalikuwa mekundu lakini yalimwona sawasawa. "Unatia sahihi nini, mwanangu?"

"Waangalie ni dawa gani ya mguu wako, Baba."

"Ukitia hatakuja tena."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Na Subira, ambaye hakuwa na hakika hata chembe kwamba babake anasema upuuzi, alisikia kalamu ikiwa nzito vidoleni. Akaandika jina lake. Herufi zilikwenda mshazari hadi nje ya mstari.

Damu ikatolewa, na usaha kidogo ukachotwa kidondani kwa pamba. Mutanu alivitia vichupa mfukoni mwa koti, akapiga hatua mbili, akarudi.

"Nenda nyumbani uniletee kila kitu unaoshea hicho kidonda. Beseni, taulo, na chupa ya dawa."

"Chupa ya dawa ya nini? Dawa si mdudu."

"Niletee tu, dada."

Saa saba mchana Majengo ilikuwa kimya kwa namna ambayo Majengo haiwi. Ukungu ulikuwa umeteremka hadi mlangoni, na watu walipita ndani yake vichwa tu, kisha mabega, kisha wakaisha. Subira alifungua kufuli. Alikuwa amesahau kwamba hapana mtu.

Harufu ilikuwa ndani.

Alisimama kizingitini. Mgonjwa alikuwa hospitalini, mguu ulikuwa hospitalini, bendeji za zamani alizitupa jana shimoni. Chumba kilikuwa kitupu. Kiti cha pili kilikuwa mahali Mzee alipokivuta, kando ya cherehani, na juu ya mto wake palikuwa na bonde dogo, la mto wa zamani, au la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Na Subira alisikia kile alichokuwa akikisikia wiki tatu hizi bila kumwambia mtu: mafuta ya nywele ya mamake, yale ya chupa ya kijani, aliyokuwa akiyapasha moto viganjani kabla ya kumsuka.

"Asalamu aleikum," alisema.

Alijisikia mjinga mara tu alipoisema. Lakini hakuingia. Alingoja, kwa muda ambao mtu angehitaji kuijibu salamu, na zaidi kidogo. Paa likadondosha tone. Alitamani ajibiwe, hiyo ndiyo kweli. Alitamani kuliko alivyoogopa. Kisha akajikaza, akafuata pua yake kama ambavyo hakuwahi kuifuata, kwa sababu siku zote Mzee alikuwapo na harufu ilikuwa mali yake. Kitini ilikuwa hafifu. Kitandani hafifu. Ilizidi kuelekea pembeni, kwenye rafu, penye beseni lililofunikwa taulo. Alikifunua kila kitu kwa ncha za vidole, akavitia katika mfuko, chupa akaiweka juu kabisa. Akafunga mlango kwa kufuli mara mbili, naye hajui alikuwa akimfungia nani.

Ilipotimia saa kumi na moja Mutanu alimtoa Subira koridoni, akamvisha koti jeupe lililomzidi, akamwingiza maabara. Hilo halikuruhusiwa. Alisema anamwingiza kwa sababu jambo lenyewe mtu hawezi kuambiwa kwa mdomo tu akaliamini.

Mashine haikuwa kubwa. Ilitosha juu ya meza ya kulia chakula, ikinguruma kidogo, na juu yake skrini yenye mistari miwili ya madirisha madogo, kumi na mawili juu na kumi na mawili chini.

"Tazama huu wa juu. Hawa ndio wako kwa damu ya mzee. Kila dirisha ni dawa moja."

Dirishani mlikuwa na vijiti. Vyeusi, vifupi, vingi, na vilikuwa vikienda. Subira alikuwa amedhani ataona doa, au namba. Hakudhani ataona vitu vyenye safari. Kimoja kilirefuka mbele yake, kikaminyika katikati, kikawa viwili, na kila kimoja kikashika njia yake bila kuagana.

"Hao wako nje ya dawa?"

"Wako ndani kabisa. Hiyo ya kwanza ndiyo mzee amemeza wiki tatu."

Mutanu alisogeza kidole. Dirisha la pili, vijiti. La tatu, vijiti, na vingi zaidi. La nne, la tano. Kila moja lilikuwa na jina la dawa ambayo watu wenye akili wameitengeneza ili iue, na ndani ya kila moja wale walikuwa wakizaana kwa raha zao kama wamealikwa. Subira aliwaza kwamba hiki ndicho kilichokuwa kikimnong'oneza babake. Akataka kuomba radhi, hakujua kwa nani.

Kwenye dirisha la kumi na moja havikuwa vikienda. Vilikuwa vimevimba, vimesimama, na vingine vilikuwa vivuli tu.

"Hapo," Mutanu alisema.

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Ni sindano ya zamani. Inaumiza figo, ndiyo madaktari wanaiogopa. Nimempigia Daktari Kinyua, wanamchoma saa hii." Alishusha pumzi. "Kwa njia ile ya siku tatu tungeijua Jumatano."

Subira alishukuru Mungu kwa sauti, akaushika mkono wa Mutanu, akaubusu, na Mutanu akauacha ubusiwe lakini hakutabasamu. Ndipo Subira alipoutazama mstari wa chini. Madirisha kumi na mawili. La kwanza vijiti, la pili vijiti, la tatu vingi zaidi, vyote vikizaana. Na la kumi na moja, vivuli.

"Na huu ni wa kidondani?"

"Niambie kwanza. Hiyo chupa uliiosha lini mwisho?"

Hakuwa amepata kuiosha. Kwani nani huosha chupa ya dawa? Bi Ummi alimlea hivyo juu ya maji ya Zamzam: yakikaribia kwisha hayaachwi yakauke, unayaongeza maji ya kawaida, na baraka huyashika yote. Dumu dogo waliloletewa na hujaji mmoja lilikaa kwao miaka tisa kwa namna hiyo, na hapakuwa na ubaya. Subira aliifanyia dawa vilevile. Ilipofika nusu, alitia maji ya tangi, kifuniko kimoja cha dawa, akaitikisa. Mwanzoni maji aliyachemsha, gesi ilipopanda bei akaacha. Rangi ilikuwa ileile ya kahawia. Alikuwa anaona fahari kwamba chupa yake haiishi.

Alimweleza Mutanu yote haya kwa sauti iliyozidi kupungua, na alipofika mwisho alikuwa amekwisha kujua.

"Hawa wa chini wametoka kwa chupa," Mutanu alisema.

Mashine iliendelea kunguruma. Subira aliyatazama madirisha ya juu na ya chini, babake na chupa yake, na hakuweza kuyatofautisha.

"Wanaishi kwa maji. Dawa ikiwa hafifu wanaizoea. Hata mahospitali huwapata hivyo, si wewe peke yako." Mutanu alimfungua vifungo, akamvua koti. "Usimwambie mzee. Apone tu."

Joto lilishuka kabla ya alfajiri. Jumatatu Daktari Kinyua alikata dole gumba tu, na mguu ukabaki mguu. Harun alisema ni kisomo, maana ustadhi alikuwa amesoma pale kitandani saa ileile sindano ilipokuwa ikiingia, na Subira hakubishana naye. Dua na dawa hazina ugomvi, watu ndio wenye ugomvi. Chupa, beseni na taulo havikurudi Majengo.

Siku ya sita Mzee Rashid aliketi, akala uji, akaulizia cherehani yake kama imefunikwa. Wodi ilinuka dawa ya sakafu na kabichi. Alikuwa ameomba kiti kiwekwe kando ya kitanda, na kila alasiri alikitazama.

"Mama yako hajaja," alisema. "Siku sita. Nilikwambia."

Subira angeweza kunyamaza. Mutanu alimwambia anyamaze, na Mutanu alikuwa na akili. Lakini jinsi Mzee alivyokuwa akikitazama kile kiti, kwa lawama ya mume aliyeachwa bila kosa, ilikuwa ikimla Subira mifupa. Kuliko babake amlaumu marehemu, heri amlaumu aliye hai. Akamwambia. Alimwambia chupa, maji ya tangi, kifuniko kimoja, madirisha ya juu na ya chini. Alisema yote akitazama blanketi.

Mzee aligeuka akakitazama kile kiti tena.

"Alikuwa akija ukishanifunga," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Nisamehe, Baba."

"Hapana neno, mwanangu. Ulikuwa unaniosha." Alimshika shavu kwa kiganja kikavu. "Umeniosha wiki zote hizi, hukukosa siku. Nani mwingine angeniosha? Hapana neno kabisa."

Subira alilia, na Mzee akamwacha alie. Muuguzi alifika na toroli ya kufungia vidonda, peke yake, wagonjwa ishirini na mbili wakimngoja. Alimpa Subira glavu na chupa ndogo ambayo haijafunguliwa. "Mwoshee baba yako nimalize ule upande," alisema. "Unajua kuosha?"

"Anajua," Mzee alisema. "Ana mikono laini."

Subira alivaa glavu, akavunja kifuniko, akaketi mwisho wa kitanda. Mzee alikuwa akimtazama usoni, naye alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la kweli. Subira alinyoosha mkono.

Mguu ukarudi nyuma, ukaingia chini ya blanketi.

Mzee aliutazama. Alishangaa kuliko Subira. "Samahani, mama," alisema. "Si mimi. Ni mguu wenyewe." Akashika paja kwa mikono miwili, akaukaza uso, akajaribu kuurudisha mbele kwa binti yake, na haukuja.